Mbwa akipotea maweni: namna ya kumtafuta bila ya kumkimbiza zaidi

Kijana wa jirani, hapa kwetu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, alinijia alfajiri hata viatu hajavaa. Mbwa wake kakata kamba usiku wa kuamkia Mapinduzi, 12 Januari, fataki ziliporushwa, akaingia maweni, yaani vichaka vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe. Tulimpata usiku wa tatu. Wangu mimi niliwahi kumtafuta siku nne kwa ujinga wangu mwenyewe, ndiyo maana naandika.

1. Anzia nyumbani

Banda la kuni, nyuma ya choo, chini ya ngalawa zilizopandishwa, nyumba isiyomalizwa ya jirani. Dakika kumi zatosha.

2. Nenda kwa sheha

Sheha ndiye kiongozi wa serikali hapa mtaani. Nenda na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mgeni anayezurura ulimi nje, watu humdhania ana kichaa, na fimbo haziko mbali. Akiwa kamng'ata mtu, shughulikia mtu kwanza: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa kachanjwa.

3. Omba macho, usiombe mikono

Jirani yako ana udhu wake. Mate ya mbwa yakimgusa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Ukimwambia "nikamatie", atakuitikia kwa heshima, hatakamata, na kwa haya hatakupigia simu pia. Mwambie hivi: "Ukimwona nipigie tu, usimfukuze wala usimtupie jiwe." Waambie wanawake wa mwani wanaoshuka maji yakitoka, wakata kuni, wachunga ng'ombe, vijana wa bodaboda, wavuvi dikoni. Mimi natuma sauti kwa WhatsApp. Karatasi za ukutani sizitaki, mvua moja zishakwisha. Mueleze kwa rangi na mkia, kwani watu hawatazami uso wa mbwa.

4. Kaa, usimwite

Hapa ndipo zilipokwenda siku zangu nne. Nilikuwa naingia maweni mchana kweupe na vijana sita, tunapiga miruzi, kila mmoja anaita jina la mbwa kwa sauti yake. Mbwa aliyeingiwa na hofu hatofautishi anayemwita na anayemfukuza. Akisikia vishindo hulala kichakani kimya, kelele zikikaribia huhama. Siku ya tatu, tunarudi kwa njia ile ile ya mchanga, nikaona nyayo zake zimekanyaga juu ya zetu. Siku nzima alikuwa nyuma yetu.

Sasa nakwenda peke yangu, baada ya isha au saa kumi za usiku kabla ya adhana, kwa baiskeli. Pikipiki iache nyumbani. Nakaa chini pale alipoonekana mwisho, lakini upepo kwanza. Huku mashariki, kaskazi na kusi zote hutoka upande wa bahari, kwa hiyo kaa ukingoni mwa kijiji, harufu yako iingie maweni. Ukiwa upande mwengine wa kisiwa hesabu hiyo haikufai. Zima njiti ya kiberiti uone moshi unaelekea wapi.

Tandika msuli uliolalia, usiofuliwa. Kando yake weka wali na samaki, kidogo kidogo, maana paka watatangulia. Halafu choma kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, juu ya makaa, kwa harufu tu. Usimlishe, chumvi yake nyingi. Tochi iwe ya kichwani, si ya simu: mwanga ukitoka karibu na macho yako ndipo utakapoona macho yake yaking'aa. Washa mara moja moja. Macho mekundu juu ya mti ni ya komba, mwache.

Lakini kukaa huku hakufai kitu ikiwa mbwa kanaswa. Watega paa huweka vitanzi vya waya vijiani, na mbwa aliyenaswa mara nyengine hunyamaza kabisa. Maweni yana mashimo pia: juu majani, chini pango. Kwa hiyo mchana pita vijia vyote, wewe na msasi mmoja anayejua mitego iko wapi, bila kelele. Kila penye shimo simama, sikiliza mpaka uchoke, ndipo usogee. Vaa viatu vya soli ngumu. Nilikwenda na ndara siku ya kwanza, jiwe likapita mpaka kwenye nyama.

5. Akitokea

Usisimame, usimtazame usoni. Wangu alitokea saa kumi na nusu, akasimama urefu wa ngalawa moja kutoka kwangu, ananusa hewa. Nikageuka pembeni nikasema maneno ya kila siku: "Mie nishakula, wewe je?" Mkia ukatikisika ncha tu. Alichukua karibu nusu saa kufika kwenye msuli. Mvishe kamba yenye kitanzi polepole. Usimrukie, akichomoka safari hii hatakuamini tena.

6. Waarifu wote uliowaomba

Mimi sikufanya. Mpaka leo kuna bibi mmoja wa mwani hunipigia kila akiona mbwa mwekundu pwani, na kila mara namshukuru.