Jinsi ya kukagua mkataba wa kazi ya ng'ambo kabla ya kutia saini

Anza kwa kuomba nakala kamili uondoke nayo. Mkataba wa kazi ya nje hausomwi mezani kwa wakala huku watu watano wakisubiri nyuma yako. Unahitaji siku mbili tatu, kalamu, kikokotoo cha simu na pasipoti yako pembeni. Nakala kamili ni kurasa zote pamoja na viambatisho. Mikataba mingi ina kifungu cha "masharti mengine yatafuata kanuni za kampuni", na kanuni zenyewe hazimo kwenye bahasha. Ziombe. Wakala akikuambia utausoma uwanja wa ndege, ishia hapo.

Majina na kazi

Linganisha jina lako na namba ya pasipoti herufi kwa herufi. Kisha mtafute mwajiri: jina kamili, mahali pa kazi (sanduku la posta peke yake halitoshi), simu, na namba ya usajili kama ni kampuni. Mara nyingi jina linaloonekana juu ya karatasi ni la wakala, na wakala si mwajiri mpaka mkataba useme wazi kwamba yeye ndiye atakayekulipa. Jina la mwajiri liwe lile lile lililo kwenye viza au kibali cha kazi. Katika nchi nyingi kibali humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Ukipelekwa kufanya kazi kwa shemeji yake bosi, machoni pa uhamiaji mvunja sheria unaweza kuwa wewe.

Aina ya kazi nayo ilingane na viza. Aliyeahidiwa udereva huku viza ikisema mtumishi wa nyumbani atahesabiwa mtumishi wa nyumbani, na zipo nchi ambazo sheria yao ya kazi ya jumla haiwagusi kabisa watumishi hao. Maneno "na kazi nyingine yoyote atakayopangiwa" yawekewe mpaka: kazi zipi, na mahali gani.

Mshahara: hapa usiharakishe

Usiridhike na tarakimu moja kubwa. Tafuta mshahara wa msingi, kisha posho moja moja, kwa sababu malipo ya saa za ziada na mafao ya mwisho wa kazi mara nyingi hupigwa kwa mshahara wa msingi tu.

Chukua mkataba wa miaka 2 wenye jumla ya 1,500 kwa mwezi, sarafu yoyote ile: msingi 900, nyumba 350, chakula 250. Kazi ni siku 26 kwa mwezi, saa 8 kwa siku, yaani saa 208. Saa ya ziada ina nyongeza ya asilimia 25, na unafanya saa 2 za ziada kila siku, jumla saa 52. Gawa 900 kwa 208, ongeza asilimia 25, zidisha kwa 52: unapata 281.25. Hesabu hiyo hiyo ikipigwa kwa 1,500 nzima ingekupa 468.75. Tofauti ni 187.50 kwa mwezi. Kwa miezi 24 ni 4,500, sawa na mishahara 3 mizima. Ndiyo maana mkataba wa jumla ya 1,400 ambao msingi wake ni 1,300 ni bora kuliko ule wa 1,500: pamoja na saa za ziada unatoka na 1,806.25, ule mwingine 1,781.25. Kidogo, lakini ni kinyume cha ulivyodhani ulipoona tarakimu za juu.

Halafu uliza posho ya nyumba na chakula inafika mkononi au inaishia kwao kwa sababu unalala kwenye bweni lao. Kama inaishia kwao, mshahara wako ni 900. Kila kato liandikwe jina na kiasi. "Makato kwa utaratibu wa kampuni" halikubaliki. Iandikwe pia sarafu, tarehe ya malipo, na kwamba fedha zitaingia kwenye akaunti yenye jina lako. Malipo ya benki yana faida ambayo wengi huiona wamechelewa: taarifa ya benki ni ushahidi, bahasha ya noti si ushahidi.

Gharama za kuondoka

Tiketi, viza, kipimo cha afya, mafunzo: kila kimoja kiwe na mlipaji anayetajwa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Unazibana nchi zilizouridhia, nao unaruhusu nchi kuweka vighairi, kwa hiyo uliza sheria ya kwenu inasemaje. Ukilipa chochote, dai risiti yenye jina la anayepokea. "Mkopo wa safari" utakaokatwa kwenye mshahara ni ada iliyobadilishwa jina. Uliza kiasi, riba na mwezi wa mwisho wa makato.

Saa, mapumziko, pasipoti

Saa za kazi kwa siku, siku za kazi kwa wiki, likizo ya mwaka na ya ugonjwa, na nani analipa matibabu. Kwa watumishi wa nyumbani, Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, masharti ya kazi yaliyoandikwa kabla hujavuka mpaka, na haki ya kukaa na hati zako za safari mwenyewe. Kifungu kinachosema mwajiri "atatunza" pasipoti kifutwe. Simu nayo iandikwe, maana ikikosa kutajwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Mlango wa kutokea

Vifungu hivi watu huviruka, kumbe ndivyo vinavyouma. Kipindi cha majaribio ni miezi mingapi, na ukikataliwa ndani yake nani anakurudisha? Notisi ni siku ngapi, na je, ni sawa kwa pande zote mbili? Tiketi ya kurudi inatolewa mkataba ukiisha tu, au hata ukivunjika kwa kosa la mwajiri? Faini ya kuondoka mapema isiyo na kiasi, au ya kiasi kikubwa kuliko gharama walizotumia kweli, ipingwe kabla ya kusaini.

Lugha na mihuri

Mkataba wa lugha mbili huwa na kifungu cha lugha itakayofuatwa zikitofautiana, na kwa kawaida ni ya huko uendako. Hata usipoijua, unaweza kulinganisha idadi ya vifungu na tarakimu zote. Kama ni Kiarabu, tarakimu zake kumi unajifunza kwa nusu saa. Baada ya hapo peleka nakala ofisi ya kazi ya serikali, hakikisha leseni ya wakala bado hai, na uliza kama mkataba unatakiwa kuthibitishwa na ubalozi.

Siku ya kusaini

Saini ya jina au herufi za kwanza kila ukurasa, tarehe ya siku hiyo hiyo, nafasi tupu zote zipigwe mstari. Marekebisho yaandikwe ndani ya mkataba na kusainiwa na pande zote. Ahadi ya mdomo haitafika nawe. Usitie saini karatasi tupu, barua ya kuacha kazi isiyo na tarehe, wala stakabadhi ya "nimepokea haki zangu zote". Ondoka na nakala yenye saini ya mwajiri, ipige picha ukurasa kwa ukurasa, na umtumie ndugu mmoja anayeaminika.

Ukifika, unaweza kupewa karatasi ya pili na kuambiwa ni utaratibu tu. Linganisha mshahara wa msingi, saa na jina la mwajiri na picha zako. Vikitofautiana, omba muda, piga picha kama inawezekana, na wasiliana na ubalozi wako. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unakupa uhuru wa kuwasiliana na maofisa wake. Ukilazimika kusaini kwa kuogopa usalama wako, watumie ndugu na ubalozi tarehe, mahali na jina la aliyekulazimisha siku hiyo hiyo.