Ukimwona nyuki mpweke, angalia anabebea wapi chavua

Hapa Tabora tumezoea nyuki wa mzinga, kwa hiyo wengine wakipita tunawaita nzi au nyigu. Lakini yule anayejichimbia tundu lake peke yake kwenye udongo mkavu, au anayekata jani la mwaridi vipande vya duara, mara nyingi ni nyuki kamili. Hesabu mabawa: nyuki ana manne, nzi mawili. Kisha tazama chavua kwa jike. Nyuki wa asali huilowesha na kuibeba miguuni nyuma kama kidonge. Mkata majani huibeba ikiwa kavu kwenye manyoya ya chini ya tumbo, ambapo huonekana njano. Rangi ya mwili inadanganya mno. Mpige picha kwa ubavu, andika tarehe na ua alilotua, na tundu usilifukie, huenda mna mabuu.