Kabla ya Kuomba Viza ya Schengen: Yanayotakiwa Kuwa Tayari

Afisa anayeamua ombi lako la viza mara nyingi hatakuona kabisa. Anachokipata mezani ni faili, na faili hilo ndilo linalojibu kwa niaba yako. Karatasi ziwe nyingi kiasi gani, hazisaidii iwapo fomu inasema unakwenda siku 12, buking ya ndege inaonyesha 14, na mwajiri amekupa likizo ya siku 10.

Viza hii ni moja kwa nchi 29 za Ulaya, zikiwemo Bulgaria na Romania ambazo zimeingia kikamilifu mwaka 2025. Uingereza, Ireland na Cyprus hazimo. Ombi linapelekwa kwenye nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Siku zikilingana, kwenye nchi utakayoingilia kwanza. Mwenye usiku 6 Roma na 3 Paris anaomba Italia, hata kama miadi ya Ufaransa inapatikana wiki hii na ya Italia mwezi ujao. Hapa wengi wanateleza: wanafuata palipo na nafasi, halafu hoteli walizoweka zinawaumbua. Unaomba pia mahali unapoishi kihalali, kwa hiyo Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Muscat anaombea Muscat, harudi Dar es Salaam kwa ajili hiyo.

Pasipoti iwe hai kwa angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa 2 tupu. Ukipanga kutoka tarehe 20 Septemba, inatakiwa ifike 20 Desemba. Ikikaribia hapo, shughulikia mpya kwanza, kwa sababu namba ya pasipoti inaingia kwenye fomu, bima na buking, na kubadilisha katikati ni kuanza upya. Ya zamani yenye viza za nyuma usiitupe, iambatanishe.

Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kuvutwa hadi 45 faili likihitaji uchunguzi. Kwa safari ya Julai au Agosti, tafuta miadi tangu Aprili. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Kituo cha kupokelea maombi kina ada yake ya huduma juu ya hiyo. Ukikataliwa, ada ya viza hairudi.

Sasa fedha, maana hapa ndipo faili nyingi zinapofia. Taarifa ya benki ya miezi 3, au ya miezi 6 kwa baadhi ya balozi, haisomwi kwenye salio la mwisho peke yake. Afisa anatazama mzunguko: mshahara unaingia tarehe ngapi, kodi inatoka vipi, kinabaki nini. Akaunti iliyokuwa ikibakiwa na laki sita kila mwezi, kisha wiki mbili kabla ya ombi ikaingiziwa milioni 12 kwa mkupuo, inamwambia kwamba fedha hizo ni za kuazima na zitarudi kwa mwenyewe viza ikishatoka. Kama ni zako kweli, weka ushahidi: mkataba wa mauzo ya kiwanja, malipo ya kikoba, chochote chenye tarehe na kiasi kinacholingana na kilichoingia. Mfanyabiashara ambaye fedha zake zinapita M-Pesa achapishe na taarifa ya M-Pesa, aambatanishe leseni na namba ya mlipakodi. Taarifa ya benki iwe na muhuri wa tawi.

Baada ya fedha, swali ni kama utarudi. Barua ya mwajiri itaje cheo, tangu lini umeajiriwa, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini, pamoja na simu inayopokelewa, kwa sababu wakati mwingine wanapiga. Mshahara uliotajwa ulingane na unaoingia benki. Kama kuna makato ya mkopo, hati ya mshahara iyaonyeshe. Cheti cha ndoa na vya watoto vinaongeza uzito. Nyaraka zilizo kwa Kiswahili tu, kama barua ya serikali ya mtaa, zitafsiriwe.

Kuna mwenyeji? Ndugu aliyeko Ujerumani akitaka kukugharimia, barua ya mkono haitoshi. Anatia saini Verpflichtungserklärung, yaani hati rasmi ya kuahidi kubeba gharama zako, kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Ufaransa, anayekulaza kwake anaomba attestation d'accueil, yaani hati ya kuthibitisha kwamba atakupokea, manispaa. Zote mbili zije zenyewe kwa posta, si picha ya WhatsApp.

Bima ifidie angalau yuro 30,000, ihusishe matibabu ya dharura na kusafirisha mgonjwa au maiti, na ifanye kazi nchi zote za Schengen, siku ya kuingia na ya kutoka zikiwemo. Tiketi usilipie bado, buking inatosha.

Picha ni milimita 35 kwa 45, ya karibuni. Alama za vidole zinatunzwa miezi 59, na walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na ridhaa ya maandishi ya mwingine.

Vishoka wanaouza taarifa za benki na buking za kubuni waepuke kabisa. Karatasi ya kughushi ni sababu ya kukataliwa inayojitegemea, na kukataliwa kunabaki kwenye mfumo unaosomwa na nchi zote hizo, kwa hiyo usifiche ukiulizwa. Barua ya kukataliwa huonyesha sababu. Unaweza kukata rufaa au kuomba upya, lakini kuomba upya na faili lilelile ni kutupa yuro 90 nyingine.

Ukiipata, isome hapohapo dirishani: jina, namba ya pasipoti, tarehe, idadi ya kuingia. Tarehe za mwanzo na mwisho kwa kawaida zina siku 15 za ziada. Ruhusa yako ya kukaa ni ile namba ya siku. Iliyoandikwa siku 12 ndani ya kipindi cha siku 27 ni siku 12 tu. Hata kwa viza ya kuingia mara nyingi, kikomo ni siku 90 katika kila siku 180, na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa mipakani, EES, umeanza kuzihesabu kwa kompyuta badala ya mihuri.