Genge la Ziwa Albert kwa baiskeli: mzunguko wa Masindi, Biiso, Butiaba na Hoima

Magenge meupe ya chaki ya kusini mwa Uingereza yana sifa kubwa kwa waendesha baiskeli, lakini Beachy Head, lililo refu kuliko yote, lina mita 162 tu. Magharibi mwa Uganda, ukingo wa Bonde la Ufa unaporomoka zaidi ya mita 300 kutoka mashamba ya Bunyoro hadi Ziwa Albert, ambalo maji yake yako kwenye mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwamba wa huku si chaki. Ni mwamba mkongwe na mgumu, umevaa vichaka, na barabara haiandamani na ukingo: inaukaribia, inashuka hadi ziwani, kisha huna budi kupanda tena. Kwa hiyo safari hii panga kwa kuanzia kwenye huo mlima. Mlima ndio unaoamua mzigo, gia, breki na saa ya kuamka.

Njia yenyewe ni hii: Masindi hadi Biiso, kilomita 54, kupitia msitu wa Budongo. Biiso hadi Butiaba na kurudi. Kisha Biiso, Kigorobya, Hoima, na kutoka Hoima kurudi Masindi, chini ya kilomita 60. Yote ni lami, kwa sababu nyingi ya barabara hizi zilijengwa upya kwa ajili ya mafuta ya Ziwa Albert. Mzunguko mzima haufiki kilomita 200. Chukua siku nne. Anayeubana katika siku mbili atajikuta analipanda genge saa nane mchana, wakati lami inachemka na upepo haupo.

Wakati mzuri ni Juni hadi Julai. Desemba hadi Februari ni kukavu pia, lakini vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huficha milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na mandhari hiyo ndiyo nusu ya sababu ya kuja. Machi hadi Mei na Agosti hadi Novemba mvua hushuka mara nyingi alasiri. Ukilazimika kusafiri miezi hiyo, hakikisha umefika kabla ya saa nane.

Baiskeli

Tairi za inchi 26 zenye upana wa 1.75 hadi 2.0 ndizo bora. Sababu si mwendo, ni vipuri: baiskeli nyingi za mitumba ni za saizi hiyo, na fundi wa Masindi au Hoima atakupatia tairi na tyubu. Baiskeli kubwa nyeusi za kubebea ndizi hutumia 28 kwa 1½, na tairi hiyo haiingii kwenye rimu ya inchi 29, hata kama kwa macho zinafanana. Mwenye rimu ya inchi 29 abebe tairi moja ya akiba, iliyokunjwa. Upepo wa tairi uwe psi 45 hadi 50 kwenye lami. Ukichepukia njia za udongo mwekundu, shusha hadi 35 au 40.

Angalia vali. Vali nyembamba ya baiskeli za mashindano haishiki kwenye pampu nyingi za mafundi wa huku, wala kwenye mashine ya upepo ya bodaboda. Kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachoigeuza iwe kama vali ya pikipiki hakina uzito wowote. Beba viwili, kwa maana kimoja kitapotea.

Gia ndogo kabisa iwe ya meno 22 hadi 26 mbele na 34 au zaidi nyuma. Kwa 22 na 34, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka, na mwendo huo unatosha. Baiskeli isiyo na gia haikatazwi. Utaisukuma tu, kama wasukumavyo wauza mkaa kila siku.

Breki zinahitaji maelezo zaidi, maana hapa ndipo watu huumia. Mtu, baiskeli na mizigo vikiwa kilo 100 kwa jumla, kushuka mita 350 kunatoa nishati ya kutosha kuchemsha lita moja ya maji baridi. Nishati hiyo, isipokuwa ile inayochukuliwa na hewa, inapita kwenye breki. Ukizishika mfululizo kutoka juu hadi chini, breki za rimu zinapasha rimu moto, gundi ya kiraka cha zamani inalainika, kiraka kinabanduka, na tairi linaisha upepo ghafla ukiwa kwenye kona. Za diski pedi zake hung'aa kama kioo na kuacha kushika. Dawa ni moja: fika kwenye kona ukiwa tayari umepunguza mwendo, bana kwa nguvu sekunde mbili tatu, achia kabisa, bana tena, mbele na nyuma kwa zamu. Kaa wima ili kifua chako kizuie hewa. Simama angalau mara moja katikati, nje ya lami, na umwage matone ya maji kwenye rimu au diski. Yakichemka, ngoja dakika kumi. Kidole usiguse. Badilisha raba au pedi kabla ya kuondoka Masindi ikiwa zimebaki chini ya milimita 2.

Pancha

Chini ya genge kuna miiba ya migunga, na pancha ni jambo la kawaida. Viraka vingi hufeli kwa haraka ya mtu, si kwa ubaya wa kiraka. Toa tyubu, ijaze upepo hadi ivimbe mara moja na nusu, kisha ipitishe polepole karibu na mdomo: ngozi ya mdomo husikia upepo mdogo ambao sikio halisikii. Fundi mwenye beseni la maji ataona viputo hapohapo. Weka alama ya msalaba mkubwa, tundu likiwa katikati, ili usilipoteze ukianza kupaka. Kwaruza kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uishe na eneo liwe pana kuliko kiraka. Paka gundi nyembamba, kisha usifanye kitu. Ngoja dakika tano, hadi gundi isinate kwenye kidole. Watu wengi hubandika ikiwa bado mbichi, na kiraka hicho ndicho kitakachobanduka kwenye joto la kushuka. Bandika, kandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima. Kitambaa kikinasa, mwiba bado upo. Bila hatua hiyo utatoboka tena mbele kidogo, palepale.

Beba tyubu mbili, viraka kumi, gundi mpya (ile iliyofunguliwa hukauka), vijiti vya kuvulia tairi, pampu, kiungo kimoja cha mnyororo na spoki tatu za saizi yako.

Masindi hadi Biiso

Ondoka saa 12 na nusu asubuhi, mara tu kunapopambazuka. Karibu na Masindi ni eneo la miwa ya Kinyara, na wakati wa mavuno malori huvuta matrela ambayo miwa yake imechomoza pembeni. Ukisikia lori nyuma, toka kwenye lami. Usijaribu kushindania nafasi, kwa sababu ncha za miwa ndizo zitakazokufikia kwanza.

Budongo ni msitu wa mivule na mikangazi, na kivuli chake asubuhi ni raha tupu. Usile ukiwa umesimama kando ya barabara: nyani wamezoea watu, na mfuko wa plastiki wanaujua kuwa ni chakula. Kuwaona sokwe ni kwa kibali na mwongozaji, hakuna njia ya mkato.

Lala Biiso, juu ya genge. Nyumba za wageni ni za kawaida tu, lakini hapa ndipo panapookoa miguu yako: mizigo yote inabaki chumbani kesho yake. Hakuna haja ya kushusha hema na nguo hadi ziwani ili kuzipandisha tena.

Kuteremka Butiaba na kurudi

Anza saa 1 asubuhi ukiwa na maji lita 3, pampu, tyubu na pesa kidogo. Barabara ni pana na ina matuta. Magari ya kazi za mafuta hupita kwa kasi. Mitaro ya zege pembeni ina kina kirefu, kwa hiyo usijisogeze hadi ukingoni kabisa wakati wa kushuka.

Butiaba ilikuwa bandari ya meli enzi za ukoloni, na kupanda kwa maji ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuliimaliza. Leo ni mwalo wa wavuvi. Kiswahili kinakwenda vizuri huku kwa sababu ya biashara na Kongo, na ngege wa kukaanga kwa ugali ni kifungua kinywa cha kutosha kwa mlima ulioko mbele.

Usiingize miguu majini, hata kwa kunawa. Kichocho kipo Ziwa Albert, na maji ya kina kifupi penye konokono ndipo kinapoambukizwa. Mamba nao wapo. Ukiendelea kaskazini kuelekea Bulisa utapakana na hifadhi ya Bugungu. Mbung'o wa huko huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kahawia au kijani iliyofifia.

Anza kupanda kabla ya saa 3. Jipe saa moja na nusu, kunywa kila robo saa hata kama huna kiu, na tia chumvi kidogo kwenye chupa moja. Kichwa kikianza kuuma au jasho likikatika, kaa kivulini. Hiyo ni dalili ya joto kukuzidi, na kuendelea kukanyaga kunaiharakisha.

Kigorobya, Kibiro na Hoima

Katika vijiji vya Wanyoro, msalimie mtu kabla ya kuuliza njia, na ukimjua kidogo muulize empaako yake, yaani jina la heshima na upendo: Amooti, Akiiki, Abwoli, Adyeri. Majibu huwa marefu zaidi na ya kweli zaidi. Ukitaka kupiga hema, mwone kwanza mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Kigorobya acha baiskeli kwa mwenye duka au nyumba ya wageni, ushuke Kibiro kwa miguu. Njia ya miguu ni ya mawe na mwinuko mkali; kubeba baiskeli mgongoni huko ni kujitesa. Chini kuna chemchemi za maji moto na bustani za chumvi zinazomilikiwa na wanawake. Hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, jua huvuta maji ya chumvi hadi kwenye udongo huo, wanaukwangua, wanaupitishia maji ndani ya chungu kilichotobolewa, kisha wanachemsha maji hayo mpaka yabaki chumvi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, tembea kwenye vijia tu maana udongo uliotandazwa ni kazi ya mtu, na ununue chumvi yao.

Kutoka Kigorobya hadi Hoima ni vilima vya kawaida. Hoima hadi Masindi ni siku nyepesi, ila malori ni mengi zaidi, basi vaa fulana inayong'aa na taa nyekundu iwake hata mchana. Ukirudi Kampala kwa basi, patana bei ya baiskeli kabla haijapakiwa, fungua pedali, geuza usukani uwe sambamba na fremu, na uhakikishe upande wa mnyororo umelala juu, sio chini ya magunia.