Kabla matokeo ya Kidato cha Nne hayajatoka: mambo ya mzazi kuandaa

Mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania hufanyika Novemba, na matokeo hutoka kwa kawaida Januari. Katikati hapo kijana hana cha kubadilisha, ila ana muda mrefu wa kuwaza. Maandalizi ya mzazi yaanze wakati huo.

Kwanza ni kauli ya nyumba. Baba, mama na yeyote anayelipa ada wakubaliane kabla ya kuzungumza naye, kwa sababu mmoja akisema "vyovyote vitakavyokuja tutapanga" na mwingine akasema "ziro usilete hapa", kijana hushika ya pili. Mwambieni mapema, na zaidi ya mara moja, mkiwa mnaosha vyombo au mnatembea. Vijana wengi hufunguka wasipokodolewa macho.

Kisha andikeni njia zilizopo kwenye karatasi, pamoja naye. C katika masomo matatu, ukiacha dini, ndiyo msingi wa Kidato cha Tano. D nne hufungua kozi nyingi za astashahada. Kuna ufundi wa VETA. Kuna kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ulizieni ada na tarehe sasa. Usajili wa kurudia huanza mapema mwakani, na mzazi anayenuna hadi Machi humpotezea mtoto nafasi.

Matokeo hutolewa kwa namba ya mtihani, bila jina. Namba hiyo isifike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kijana awe wa kwanza kuona, akiwa na mtu anayemwamini, na simu za mashangazi na wajomba zipokelewe na mzazi.

Linalosahaulika zaidi ni usalama wa nyumba, na hapa hatutaki mzazi aone haya. Dawa za shambani, za mifugo na za panya, pamoja na vidonge vya wagonjwa, vifungiwe kwa kufuli na ufunguo akae nao mtu mzima. Wimbi la kutaka kujidhuru mara nyingi huwa kali lakini fupi. Kijana asipopata kitu karibu, wimbi hupita na msaada humkuta hai.

Mtazame pia kabla. Kijana wa umri huu huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akikosa usingizi, akiacha kula, akajitenga na marafiki kwa wiki mbili mfululizo, mpeleke kituo cha afya. Akigawa vitu anavyovipenda au akisema bora asingezaliwa, usisubiri wiki mbili. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.

Siku yenyewe, mtu mzima abaki nyumbani. Jioni hiyo msipange chochote wala kumtaja mtoto wa jirani. Mipango ianze baada ya kulala na kula. Na aliyepata divisheni ya pili huku akitarajia ya kwanza naye aangaliwe vilevile, maana pongezi za wageni humziba mdomo.