Kompyuta inazima ovyo baada ya kuongeza kadi ya pili ya grafiki? Anza na nyaya

Juzi nilikaa na kijana anayechora majengo kwa Blender, programu ya michoro ya 3D. Alikuwa na kadi moja ya NVIDIA RTX 3060, akaongeza ya pili. Tangu siku hiyo kila akianza kurenda (kugeuza mchoro kuwa picha kamili) mashine inakata ghafla, halafu inajiwasha yenyewe. Kwa kuwa pawa saplai yake ni ya wati 750, sote wawili hatukuishuku. Saa tano zikapotea kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kadi.

Hatua ya 1: Soma kumbukumbu za Windows

Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System. Ukikuta Kernel-Power 41 yenye BugcheckCode 0 (mashine ilikata bila Windows kurekodi kosa), shuku umeme kwanza. Ukikuta Display 4101, draiva ilikwama ikajizindua. Ruka hadi hatua ya 3.

Hatua ya 2: Umeme

Hapa usiharakishe. RTX 3060 moja inakula wati 170 hivi. Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mama, inatoa hadi 75, zinazobaki zinapita kwenye plagi ya pini nane. Nyaya nyingi za pawa saplai zina vichwa viwili mwishoni, na aliyemfungia mashine alichomeka vichwa vya waya mmoja, kimoja kwenye kila kadi. Kadi moja ikifanya kazi, shwari. Zikipanda pamoja, waya mmoja unabeba mzigo wa kadi mbili, volti inashuka, mashine inakata. Niligusa plagi upande wa pawa saplai, ilikuwa ya moto. Waya wa pili ulikuwa bado kwenye boksi, umefungwa na kamba yake ya kiwandani.

Kila kadi ipate waya wake kuanzia kwenye pawa saplai yenyewe. Lakini usiazime waya wa pawa saplai nyingine hata kama unaingia vizuri: mpangilio wa pini upande wa pawa saplai mara nyingi haufanani, na unaweza kuunguza kadi. Adapta za Molex (zinazogeuza plagi za pini nne kuwa za kadi) mimi sizigusi kabisa, na wewe usizinunue.

Angalia na UPS, ile betri ya akiba. Ya 650 VA haibebi wati 650. Nyingi hazifiki hata 400. Ikilia unaporenda, chomeka mashine moja kwa moja ukutani ujaribu.

Bado huna uhakika? Fungua Command Prompt kama Administrator, andika:

nvidia-smi -pl 130

Kila kadi itabanwa isizidi wati 130. Renda faili lile lile. Isipozima, mchawi ni umeme. Ukiwasha upya mashine, kikomo kinarudi cha kawaida.

Hatua ya 3: Draiva

Ingia Safe Mode, futa draiva kwa DDU (Display Driver Uninstaller), weka draiva ya Studio ya NVIDIA. Kuweka mpya juu ya kuukuu siku hizi nimeacha.

Hatua ya 4: BIOS

Kadi ya pili haionekani? Ingia BIOS, mipangilio ya ubao mama, uwashe Above 4G Decoding.

Hatua ya 5: Joto

Kadi ya juu ndiyo inayokosa hewa. Fungua ubavu wa kasha, renda nusu saa, huku ukisoma nyuzi joto kwa nvidia-smi. Zikishuka sana kuliko kasha likiwa limefungwa, ongeza feni ya mbele kabla hujalifunga tena.