Wolpepa ya picha: pima ukuta sehemu tatu kabla ya kuagiza

Usimpe mchapaji kipimo kimoja. Pima upana juu, katikati na chini. Kimo vilevile kushoto, katikati na kulia. Chukua kilicho kikubwa, ongeza sm 5 kila upande, na vichwa vya watu pichani vikae mbali na kingo. Ziada hiyo humeza upinde wa ukuta. Utaikata kwa wembe mpya ukishabandika. Kipande cha kwanza kifuate mstari wa timazi (uzi wenye uzito unaoonyesha wima), kamwe si kona, la sivyo upeo wa ziwa pichani utainama. Wolpepa haifai kwenye ukuta wenye unyevu, hasa nyumba zetu za mlimani Mwanza zilizoegemea mwamba: gundi huachia. Kupima unyevu, bandika kwanza kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote, saa 24. Ikitoa matone upande wa ukuta, subiri ukauke.